Mbunge wako anaibana serikali au anaibeba? Maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Maswali haya huulizwa kila tunapokaa na watu kuzungumzia Katiba: kwenye baraza la chifu, ukumbini kanisani, au uani baada ya mazishi wakati viti vya kukodi vikisubiri kuchukuliwa. Mengine huulizwa kwa hasira, mengine kwa kejeli. Majibu yanahusu Kenya na Katiba iliyopitishwa kwa kura ya maoni tarehe 4 Agosti 2010, ikazinduliwa Uhuru Park tarehe 27 mwezi huohuo. Bado twaiita "mpya", ingawa mtoto aliyezaliwa siku ile sasa anavaa sare ya sekondari.

Kazi ya mbunge ni nini, kama si kutuletea barabara?

Soma Kifungu cha 95. Bunge la Kitaifa linawakilisha wananchi, linatunga sheria, linaidhinisha matumizi ya fedha za serikali ya kitaifa na kusimamia jinsi zinavyotumika, linachunguza mienendo ya Rais, Naibu Rais na maafisa wengine wa serikali, na ndilo linaloanzisha safari ya kuwaondoa. Neno barabara halimo.

Kujenga ni kazi ya serikali. Mbunge ndiye wa kuuliza kwa nini lami iliyolipiwa imeanza kubanduka kabla ya mvua ya pili. Shida ni kwamba sisi wapiga kura humpima kwa madarasa aliyopaka rangi na matanga aliyohudhuria, kwa hiyo naye hufanya hesabu zake. Sijawahi kusikia mtu akipigiwa vigelegele kwa kusoma ripoti ya ukaguzi.

Kabla ya 2010 mambo yalikuwaje?

Mawaziri walikuwa wabunge. Serikali ya mseto iliyoundwa Aprili 2008 ilikuwa na mawaziri 40, na ukiwahesabu mawaziri wasaidizi, zaidi ya theluthi moja ya Bunge la watu 222 ilikuwa imekaa ndani ya serikali. Anayeuliza na anayeulizwa walikula sahani moja. Mbunge aliyetaka uwaziri alijua wapi pa kunyamaza.

Lakini tusiutukane utaratibu wa zamani wote. Kulikuwa na kipindi cha maswali, waziri akisimama mbele ya wenzake, na mbunge wa kawaida akimtupia swali la nyongeza ambalo halikuandikwa kwenye karatasi ya wizara. Waziri asiyeijua wizara yake alijulikana mchana kweupe. Mwaka 2004 ilikuwa kazi ya mbunge mmoja wa upinzani, Maoka Maore wa Ntonyiri, kuweka mezani Bungeni stakabadhi za mkataba wa kutengeneza pasipoti. Huo ndio mlango ambao sakata ya Anglo Leasing, ya mikataba ya serikali na kampuni hewa, ilitokea hadharani. Silaha yake ilikuwa karatasi. Nataja hili kwa sababu wapo wanaodhani kwamba kabla ya 2010 hakuna aliyethubutu, na kwamba baada ya 2010 Katiba itathubutu kwa niaba yetu.

Sasa waziri si mbunge. Anaulizwa wapi?

Kifungu cha 152 kinamkataza waziri kuwa mbunge, na kinaweka idadi ya mawaziri kati ya 14 na 22. Kifungu cha 153 kinamlazimisha afike mbele ya kamati ya Bunge la Kitaifa au ya Seneti anapoitwa, na ajibu swali lolote kuhusu jambo lililo chini yake.

Kuanzia 2013, waziri alipotoka ukumbini, mambo yalipooza. Mbunge aliuliza, wizara ikatuma majibu kwa maandishi, na mara nyingi mwenyekiti wa kamati ndiye aliyesimama kuyasoma. Mwenyekiti akageuka tarishi wa wizara anayopaswa kuisimamia. Ukimuuliza swali la nyongeza, atalijibu na nini? Tangu 2023, baada ya Kanuni za Bunge kurekebishwa, mawaziri wamekuwa wakifika wenyewe ukumbini kujibu. Ni afadhali. Ila waziri husoma jibu lake refu, muda unakwisha, na kuna siku mwenye swali mwenyewe hayupo. Kwa maoni yangu, anayetaka kuiona serikali ikibanwa aende kwenye chumba cha kamati.

Kikao cha kamati kinaendaje? Mwananchi anaruhusiwa kuingia?

Anaruhusiwa. Kifungu cha 118 kinasema Bunge liendeshe shughuli zake kwa uwazi, na vikao vyake pamoja na vya kamati viwe wazi kwa umma, ila pale Spika anapoona kuna sababu ya haki ya kufunga mlango.

Nilihudhuria kimoja, wizara sitaitaja. Katibu wa wizara aliingia na maafisa kama kumi, kila mmoja amebeba faili kifuani kama anabeba mtoto. Mwenyekiti akasoma aya ya ripoti ya Mkaguzi Mkuu wa Hesabu: malipo yalifanywa, vocha hazikuonekana. Katibu akajibu jibu ambalo kila anayefuatilia kamati hizi analijua kwa moyo: "Mheshimiwa Mwenyekiti, stakabadhi zipo, ila hazikupatikana wakati wa ukaguzi."

Wabunge wengi wangeishia hapo. Mmoja, aliyekuwa amekunja kona za kurasa zake, akaomba aonyeshwe hizo stakabadhi zilizopatikana. Zikapitishwa mezani. Akazitazama kitambo, kisha akauliza kwa upole mbona risiti ina tarehe ya baada ya wakaguzi kuondoka. Nyuma ya Katibu, kikaratasi kikaanza kusafiri kutoka kiti hadi kiti. Kikafika mbele, Katibu akakisoma, akakikunja. "Tutaleta majibu kwa maandishi."

Chumbani humo walikuwamo pia waheshimiwa waliotia sahihi kitabu cha mahudhurio, wakanywa chai, wakatoka. Posho ya kikao haibagui.

Kwa nini anayetoka jasho ni Katibu na si waziri?

Kwa sababu Kifungu cha 226 kinamtaka mhasibu wa taasisi, na kwa wizara ni Katibu, awajibike kwa Bunge la Kitaifa kuhusu fedha. Waziri anajibu kuhusu sera. Pesa ikipotea, sahihi inayotafutwa kwanza ni ya Katibu.

Kamati ikimwita mtu akakataa kuja?

Kifungu cha 125 kinazipa kamati nguvu za Mahakama Kuu katika kuita mashahidi, kuwaapisha na kudai nyaraka. Meno yapo. Kuuma ni habari nyingine: mara nyingi mwito wa kwanza unapuuzwa, wa pili unajibiwa na barua ya wakili, wa tatu anafika naibu wa mtu aliyeitwa.

Ripoti ya Mkaguzi Mkuu ni kurasa mamia. Nianzie wapi?

Mwaka wa fedha unaisha tarehe 30 Juni. Kwa Kifungu cha 229 Mkaguzi Mkuu ana miezi sita kukagua na kutoa ripoti, na Bunge lina miezi mitatu ya kuijadili na kuchukua hatua. Kwa vitendo, kamati imezoea kuhoji hesabu za miaka ya nyuma, wakati aliyetia sahihi keshastaafu na anafuga kuku kwao.

Usianze na majedwali. Tafuta kwanza ofisi au taasisi unayoijua, kisha soma maoni ya mkaguzi: amesema hesabu ni sawa, ni sawa ila kuna dosari, haziaminiki, au ameshindwa kabisa kutoa maoni kwa kukosa nyaraka? Hilo la mwisho ndilo la kukutia hofu. Kisha tafuta mambo matatu. Masurufu ambayo hayajarejeshewa hesabu, yaani afisa alipewa pesa za safari, akaenda au hakwenda, na hakuleta risiti. Miradi iliyokwama huku mkandarasi amelipwa sehemu kubwa. Na madeni yasiyolipwa, maana hapo ndipo fundi wa mtaani kwenu aliyeuzia serikali madawati anapozikwa akiwa hai.

Nenda na aya moja tu kwa mbunge wako. Aya moja yenye namba yake inatisha kuliko hotuba.

Ni kweli serikali inaweza kutumia pesa kabla Bunge halijaidhinisha?

Kweli, na kwa Katiba yenyewe. Kifungu cha 223 kinaruhusu pesa zitumike pale mgao ulipopungua au jambo lilipojitokeza ambalo halikupangiwa, kisha idhini ya Bunge iombwe ndani ya miezi miwili tangu pesa za kwanza kutoka. Kikomo ni asilimia 10 ya fedha zilizoidhinishwa mwaka huo, isipokuwa Bunge likubali zaidi.

Kifungu hiki kiliwekwa kwa ajili ya ukame, mafuriko na mengine yasiyobisha hodi. Matumizi yake yamepanuka. Bajeti ya nyongeza inapofika Bungeni, pesa zimekwisha kutumika, na mbunge anaombwa abariki ndoa ambayo tayari ina watoto. Nikiulizwa ni wapi pa kumpima mbunge kwa haraka, nasema hapa: bajeti ya nyongeza ya mwisho ilipokuja, alisimama kuuliza juu ya pesa za Kifungu cha 223, au alisema "ndiyo" pamoja na wenzake?

Bunge linaweza kumfuta waziri?

Linaweza, na hatua zimeandikwa katika Kifungu cha 152. Hoja inaletwa na mbunge anayeungwa mkono na angalau robo ya wabunge wote. Theluthi moja ikiipitisha, inaundwa kamati teule ya watu 11, nayo ina siku 10 kuchunguza na kumpa waziri nafasi ya kujitetea. Kamati ikikuta tuhuma zina msingi, ukumbi unapiga kura. Wengi wakikubali, Rais hana hiari, lazima amfute. Kamati ikisema hazina msingi, mambo yameisha hapohapo.

Linganisha visa viwili. Julai 2008, chini ya Katiba ya zamani, Bunge lilipitisha hoja ya kutokuwa na imani na Waziri wa Fedha Amos Kimunya kuhusu uuzaji wa hoteli ya Grand Regency. Hoja ile haikuwa na nguvu ya kisheria. Hata hivyo siku chache baadaye alijiweka kando kupisha uchunguzi. Tume ilimwondolea lawama, na mwaka uliofuata alirudi barazani.

Mei 2024, chini ya Katiba yenye meno, Jack Wamboka, mbunge wa Bumula, alileta hoja ya kumwondoa Waziri wa Kilimo Mithika Linturi kwa sababu ya mbolea bandia iliyowafikia wakulima katika mpango wa ruzuku. Wabunge 149 waliunga mkono, 36 wakapinga. Ikaenda kwa kamati ya watu 11. Kamati ikapiga kura 7 kwa 4 kwamba tuhuma hazikuthibitishwa, na hoja ikafa hata ukumbi usipate nafasi ya pili. Mkulima aliyekuwa amekwisha kupanda na ile mbolea alibaki akitazama mahindi yake yakigeuka manjano. Julai mwaka huohuo waziri yule aliondoka pamoja na karibu Baraza zima. Walioliondoa ni vijana walioandamana barabarani, si kura ya Bunge.

Sisemi Katiba ya zamani ilikuwa bora. Nasema ile hoja ya 2008 iliuma kwa sababu waziri aliona aibu mbele ya wabunge wenzake. Utaratibu wa sasa una hatua nyingi, na kila hatua ni mahali ambapo simu inaweza kupigwa.

Mbona Naibu Rais aling'olewa haraka?

Hoja dhidi ya Rigathi Gachagua iliwasilishwa na Mwengi Mutuse wa Kibwezi Magharibi tarehe 1 Oktoba 2024. Tarehe 8 wabunge 281 waliipitisha, wakati theluthi mbili ya wabunge 349 ni 233 tu. Tarehe 17 Seneti ikathibitisha tuhuma tano kati ya 11. Siku kumi na saba kwa jumla.

Uamuzi wa kama alistahili nauacha kwa msomaji. Ninachokiona ni kwamba Bunge linajua kukimbia. Hukimbia vizuri zaidi pale walio wengi ukumbini na mwenye Ikulu wanapotazama upande mmoja.

Mbunge wa chama tawala anaweza kuikosoa serikali yake?

Sheria haimkatazi. Kinachomkataza ni kiti chake cha kamati. Chama ndicho kinachompeleka kwenye kamati, na chama kinaweza kumtoa. Mei 2020 tuliona viongozi wa walio wengi katika Seneti waking'olewa vyeo kwa kutofautiana na Ikulu, na Naibu Spika Kithure Kindiki akafuata, kura 54 zikimwondoa. Kila seneta aliyetazama siku ile alielewa somo.

Na upinzani? Kanuni zinauachia upinzani uenyekiti wa Kamati ya Hesabu za Umma, ile inayoitwa PAC, ili anayekagua asiwe mtu wa anayekaguliwa. Busara nzuri. Lakini Agosti 2024 mwenyekiti wa PAC, John Mbadi, aliteuliwa kuwa Waziri wa Fedha, na kiongozi wa walio wachache, Opiyo Wandayi, akapewa Kawi. Kwa muda mfupi tu, waliokuwa wakiuliza maswali wakahamia upande wa kuyajibu. Hakuna kifungu kilichovunjwa.

CDF ina ubaya gani? Ilimsomesha mwanangu.

Swali hili huulizwa na mama, na kwa kawaida ana barua ya basari mkononi. Namwelewa. Hazina hii ya Maendeleo ya Maeneo Bunge ilianzishwa 2003 na imejenga madarasa ambayo yasingejengwa. Ubaya wake hauko darasani.

Ubaya ni huu: mbunge akiwa na sauti juu ya pesa za kujenga, amekuwa sehemu ya serikali anayotakiwa kuikagua. Mkaguzi Mkuu anapoandika kwamba zahanati ya eneo bunge fulani ilikwama, ripoti hiyo inakwenda kwa nani? Kwa wabunge. Ni mpishi kuulizwa kama chakula kina chumvi. Isitoshe, mbunge anayesubiri Hazina ya Taifa iachilie pesa za eneo lake hataamka asubuhi kumkaba koo Waziri wa Fedha. Umewasikia wakitishia kugomea miswada ya serikali? Mara nyingi ni pesa za CDF zimechelewa.

Mahakama zimesema hivyo kwa lugha yao. Mahakama ya Juu iliitangaza sheria ya 2013 kuwa kinyume cha Katiba mnamo Agosti 2022. Sheria iliyoirithi, ya 2015, nayo ikaangushwa na Mahakama Kuu Septemba 2024, hazina ikipewa muda hadi tarehe 30 Juni 2026. Jibu la wabunge lilikuwa kutafuta kuiingiza hazina ndani ya Katiba yenyewe. Basari ya mwanao inaweza kutoka ofisi nyingine bila kupitia mkono wa mbunge. Maswali ya mbunge hayana ofisi nyingine.

Gavana naye? Huyo ni wa Seneti?

Kwanza ni wa bunge la kaunti. Mwakilishi wadi wako ndiye mwenye kazi hiyo kwa Kifungu cha 185. Seneti, kwa Kifungu cha 96, inasimamia pesa za kitaifa zilizogawiwa kaunti. Ukiona gavana anafoka kwamba seneta anamwandama, mwulize mwakilishi wadi wako yeye aliuliza nini mwaka jana.

Mbunge akimtaja mwizi Bungeni anaweza kushtakiwa?

Kifungu cha 117 kinalinda uhuru wa kusema Bungeni. Ila Spika anaweza kumtaka alete ushahidi, na akikosa aombe radhi. Akiyarudia maneno hayo kwenye mkutano wa hadhara, hayo ni yake na wakili wake.

Mimi si mbunge wala wakili. Nifanye nini?

Andika ombi. Kifungu cha 119 kinampa kila mtu haki ya kuliomba Bunge lishughulikie jambo lolote lililo chini yake. Unamwandikia Karani wa Bunge, au unampa mbunge alifikishe. Eleza jambo lenyewe, sema ulikwenda ofisi zipi na ukajibiwa nini, sema kama liko mahakamani au la, kisha taja unachotaka Bunge lifanye. Weka jina, anwani na sahihi. Kiswahili kinakubalika, Kifungu cha 120 kinakifanya lugha rasmi ya Bunge pamoja na Kiingereza na Lugha ya Ishara ya Kenya.

Kosa ninaloliona sana ni ombi lenye malalamiko kumi na mawili. Kamati italishughulikia lililo rahisi na kuyaacha mengine. Peleka moja.

Ukihitaji nyaraka kwanza, tumia Kifungu cha 35 na Sheria ya Upatikanaji wa Habari ya 2016. Omba kwa maandishi, ofisi ina siku 21. Tunza nakala iliyogongwa muhuri wa kupokelewa. Bila muhuri hujawahi kufika.

Naweza kumrudisha mbunge nyumbani kabla ya uchaguzi?

Kifungu cha 104 kinasema ndiyo. Lakini sehemu za Sheria ya Uchaguzi zilizoeleza utaratibu wake zilibatilishwa na Mahakama Kuu mwaka 2017 kwa kuufanya uwe mgumu mno. Haki ipo, ngazi ya kuifikia haipo.

Tarehe 25 Juni 2024, nani alimwajibisha nani?

Siku hiyo wabunge 195 waliupitisha Mswada wa Fedha, uliopendekeza kodi mpya, 106 wakaupinga, na muda mfupi baadaye vijana wakaingia katika majengo ya Bunge. Watu waliuawa kwa risasi. Kesho yake Rais akakataa kuutia sahihi.

Tafakari mpangilio wake. Wabunge, ambao kazi yao ni kuizuia serikali, waliupitisha. Wananchi wakauzuia kwa miili yao. Na aliyeurudisha nyuma ni mkuu wa serikali ileile iliyouleta. Kila mtu alikuwa katika nafasi ya mwingine. Mswada huo ulikuwa umepita kwenye kamati, maoni ya umma yakakusanywa, watu wakasafiri wakasema hapana, ikaandikwa.

Mbunge wangu anakuja matangani Jumamosi. Nimwulize nini?

Mwulize yuko kamati gani. Mwulize kikao cha mwisho alichohudhuria kilimhoji nani, na yeye aliuliza swali gani. Hansadi, yaani kumbukumbu rasmi za Bunge, inaandika kila neno, kwa hiyo unaweza kuhakikisha.

Bibi mmoja alimwuliza mheshimiwa hilo la kwanza mbele ya watu, akiwa amekaa kwenye mkeka, kikombe mkononi. "Mwanangu, huko Nairobi umewekwa kamati gani?" Mheshimiwa akatabasamu, akasema ni swali zuri sana, mama. Kisha akamgeukia msaidizi wake.